Nimepata usukani wa G29, nianze na gemu zipi za mbio kwenye PS5?

GiaYaTatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri, hasa kwenu mliokwisha kuacha padi mkahamia kwenye usukani.

Nimechukua Logitech G29 iliyotumika, kamili na pedali zake tatu, ila haina ile gia ya pembeni. Nikaufunga mezani, nikawasha PS5, usukani ukajizungusha kushoto na kulia kama inavyotakiwa. Nikafungua gemu ya mbio niliyokuwa nayo, zile za kuzurura mjini na kukimbizana na polisi. Nilivunjika moyo. Gari linayumba hata pale barabara iliponyooka. Nikikata kidogo halisikii, nikiongeza kidogo linakwenda ukutani. Nikarudi kwenye padi, mbio ileile nikashinda bila jasho. Leo siku ya tano usukani uko mezani na sijaugusa tena.

Uwezo wangu kwa sasa ni gemu mbili. Majina ninayokutana nayo ni Gran Turismo 7, Assetto Corsa Competizione, za F1, na za rali. Hali yangu ni hii: nacheza kwa muda wa saa moja hivi usiku baada ya kazi, intaneti yangu hukatika mara kwa mara, na nina mtoto wa miaka tisa ambaye naye anataka zamu yake. Kushindana na watu mtandaoni si haja yangu. Nataka kuhisi gari mikononi, basi. Mngekuwa nyie mngechukua zipi, na kwa nini?

KonaKali

Gran Turismo 7, mkuu, na wala usizunguke. Inakuanzisha na vigari vidogo kama Honda Fit au Mazda Demio, kuna mitihani ya leseni inayokufundisha breki na kona hatua kwa hatua, na G29 inaitambua papo hapo bila kuhangaika na mipangilio. Mimi nilijifunzia humo.

MguuWaBreki

Ndugu GiaYaTatu, kabla ya kutaja gemu, wacha nieleze kilichokupata, kwa sababu ukikielewa utaweza kuchagua mwenyewe bila kutegemea jina la mtu.

Gemu ile uliyofungua imetengenezwa kwa ajili ya kidole gumba. Kijiti cha padi kinasogea kidogo sana, kwa hiyo gemu yenyewe inafanya kazi kubwa kwa niaba yako: inalainisha mkono wako, inapunguza kona kadiri mwendo unavyopanda, na wakati mwingine inakunyooshea gari bila wewe kujua. Ukiileta kwenye usukani unaozunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho hadi mwisho, ile hesabu yote inaharibika. Ndiyo maana mwanzo gari halisikii, halafu linasikia kupita kiasi. Mkono wako hauna kosa.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Ndani ya G29 kuna mota zinazosukuma usukani dhidi ya mikono yako. Katika gari la kweli, tairi za mbele zikiwa kwenye kona hutaka kurudi kunyooka, na nguvu hiyo hupanda hadi kwenye usukani. Unavyozidi kukata, uzito unaongezeka. Lakini tairi zikikaribia mwisho wa uwezo wake wa kushika barabara, uzito ule unaanza kupungua. Usukani unalegea mikononi *kabla* gari halijakosa kona. Hiyo ndiyo habari uliyonunulia usukani. Gemu nzuri ya usukani inakokotoa nguvu hiyo kutoka kwenye tairi zenyewe na kuileta kwako. Gemu mbovu ya usukani inakutetemeshea mikono ukigonga ukuta na kukurudishia usukani katikati kama uliofungwa mpira, mwendo wowote, kona yoyote.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya gemu yoyote ni moja: nikiingia kona kwa kasi kupita kiasi, je, mikono yangu itajua mapema kuliko macho? Gran Turismo 7 inapita mtihani huo. Assetto Corsa Competizione inaupita vizuri zaidi. Dirt Rally 2.0 inaupita kwa namna yake, kwa sababu kwenye changarawe gari huteleza muda wote, na usukani unakuwa unazungumza nawe bila kunyamaza.

Sasa intaneti. Hapa natofautiana na KonaKali. GT7 ni gemu nzuri, lakini karibu kila kitu cha maana ndani yake kinataka uwe umeunganishwa, hata ukicheza peke yako. Kama mtandao wako hukatika, itakukera katika ile saa yako moja ya usiku. Competizione unaweza kucheza mwenyewe bila mtandao kabisa.

KonaKali

Hilo la mtandao nakubali, mkuu, sikulisoma vizuri kwenye swali. Ila Competizione kwa mtu aliyeshika usukani wiki hii? Humo karibu yote ni magari ya GT3, yaani magari ya kasi ya barabarani yaliyogeuzwa kuwa ya mashindano. Unatoka kwenye maegesho tairi ni baridi, unakanyaga mafuta kama ulivyozoea kwenye padi, na kona ya kwanza unaangalia ulikotoka. Mtu anaweza kuuza usukani kabla ya wiki kuisha.

MguuWaBreki

Ni kweli inaadhibu. Lakini inaadhibu kwa haki, na sababu utaisikia mikononi. Magari ya GT3 yana ABS (mfumo unaozuia tairi zisigande ukikanyaga breki) na kidhibiti cha kuteleza halisi, vitu vilivyomo kwenye magari yenyewe ya mashindano, kwa hiyo kuviacha vikiwa vimewashwa hakumfanyi mtu kuwa mchezaji nusu. Apandishe kidhibiti, achague Monza au Paul Ricard ambako kuna nafasi ya kukosea, azunguke peke yake.

Nikubaliane nawe kwenye jambo moja: gari la polepole linafundisha kuliko la kasi. Kama anataka njia hiyo bila mtandao, kuna Assetto Corsa ya kwanza, iliyotoka kwenye konsoli mwaka 2016. Ni ya PS4, inachezeka kwenye PS5, na ina vigari kama Abarth 500 ambavyo unaweza kuvisukuma hadi mwisho wa uwezo wake na bado ukabaki na muda wa kufikiri. Picha zake zimezeeka na menyu zake hazivutii, lakini hisia ya usukani bado ni nzuri sana.

VumbiNyuma

Nimesubiri mtu azungumzie rali kwa urefu, naona mmeipita tu.

Ndugu mwanzisha uzi, soma tena maneno yako: muda wa saa moja usiku, peke yako, unataka kuhisi gari. Hiyo ni rali. Hakuna kusubiri foleni, hakuna mtu wa kukugonga ubavuni kona ya kwanza. Ni wewe, gari, njia nyembamba, na msaidizi anayekusomea kona. Hatua moja, yaani kipande kimoja cha njia unachopimwa muda, inaweza kukuchukua dakika tatu, nyingine dakika kumi. Unafanya nne, unalala umeridhika.

Chukua Dirt Rally 2.0 ya mwaka 2019. Ukipata toleo la Game of the Year ni bora zaidi, kwa sababu lina nchi nyingi za ziada, zikiwemo Finland, Wales na theluji za Sweden. Ile sehemu ya kuendesha timu yako inataka mtandao, lakini hatua za kujichagulia unacheza bila mtandao, na ndizo zitakazokufundisha.

Usianze na magari ya kisasa. Nenda kundi la H1 la magari ya zamani yanayovutwa na tairi za mbele, chukua Lancia Fulvia au Mini Cooper. Yana nguvu kidogo, na ukiachia mafuta yanakusamehe. Msaidizi anatumia namba: 1 ni kona kali sana, 6 ni kona ambayo karibu unaipita bila kuachia mafuta. Kwa siku za mwanzo ukisikia 3 ichukue kama 2. Hakuna anayekuhesabia.

Halafu kuna siri ambayo padi haiwezi kukufundisha. Mkia wa gari ukianza kutoka, tairi za mbele zinataka kufuata kule gari linakoelekea, na usukani unaanza kuzunguka wenyewe kuelekea upande wa mtelezo. Mgeni anaukaba kwa nguvu zote na gari linapinduka. Wewe ulegeze vidole, uache upite mikononi, halafu ushike pale utakapotulia. Nilipolipata hilo kwa mara ya kwanza, kwenye changarawe za New Zealand, nilisimamisha gemu nikakaa kimya. Miaka yote kwenye padi sikuwahi kujua kwamba gari lenyewe huwa linasaidia kujiokoa.

Kuna pia EA Sports WRC ya Novemba 2023, kutoka kwa watengenezaji haohao. Ina nchi nyingi zaidi na hatua ndefu zaidi, na Safari Rally ya Kenya imo. Ni gemu nzuri, ila kwa mtu anayeanza bado ningemwanzisha na ile ya 2019.

GiaYaTatu (mwanzisha uzi)

Nashukuru sana wakuu. MguuWaBreki, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nilidhani nimeuziwa usukani mbovu.

Maswali mawili. VumbiNyuma, rali haitanikatisha tamaa kuliko hata hizo GT3? Na hiyo nguvu ya usukani, niiweke juu kabisa? Nilidhani ikiwa juu ndivyo unavyohisi zaidi.

VumbiNyuma

Utaanguka bondeni mara nyingi. Lakini kila hatua ni mwanzo mpya, na ukiendesha kwa asilimia sabini ya ujasiri wako utamaliza. Mtu anayemaliza hatua akiwa na gari zima katika wiki ya kwanza anajifunza kuliko anayekimbia na kubingirika.

MguuWaBreki

Hapana, usiiweke juu kabisa, na hapa watu wengi sana wanapotea. Mota ya usukani ina mwisho wake. Ukiiagiza nguvu kubwa kupita inachoweza, kona ya wastani na kona kali zote zinafika kwenye kilele kilekile, na wewe huwezi tena kuzitofautisha. Unapata usukani mgumu usio na habari. Ni kama redio uliyoifungua hadi spika zinakoroma: kelele ipo, maneno hayasikiki.

Weka katikati. Ingia kona ndefu, ongeza kukata polepole, usikilize kama uzito unapanda hadi mwisho halafu unapungua. Ukipanda mapema na kubaki palepale, punguza. Kwenye GT7 kuna namba mbili zinazokwenda 1 hadi 10, moja ya nguvu ya juu na nyingine ya wepesi wa kuhisi. Anza na 5 kwa 5 halafu sogeza moja moja. Na kama usukani unacheza kushoto kulia wenyewe barabara iliponyooka, punguza nguvu na uushike vizuri kwa mikono miwili. Ukiuachia, mota na gemu vinasukumana vyenyewe kwa vyenyewe.

Kisha zima misaada ya kukata kona. GT7 ina msaada wa kurekebisha mtelezo, ule uzime kabisa, kwa sababu unafanya kazi ambayo sasa ni ya mikono yako. ABS iache.

MezaImara

Mmezungumza gemu tupu, mimi niongeze la vifaa maana nimeona mengi yakiharibika hapo. Kiti cha ofisi chenye magurudumu kitarudi nyuma kila ukikanyaga breki. Kifunge, au kaa kwenye kiti cha kawaida. Pedali ziweke ukutani zisitembee. Breki ya G29 ina kipande cha mpira ndani, hivyo inakwenda laini halafu inakuwa ngumu ghafla. Si mbovu, ndivyo ilivyotengenezwa, na inakutaka ubonyeze kwa nguvu ya mguu badala ya kutazama umbali ambao pedali imekwenda. Mguu ukizoea hilo utaanza kupunguza muda wako bila kugusa kingine.

Pia angalia ile swichi juu ya usukani iwe upande wa PS4 hata kama konsoli yako ni PS5. Ikiwa upande wa PS3 utahangaika bure.

Na ukae karibu na skrini. Tumia mwonekano wa ndani ya gari au wa boneti. Ule wa nyuma ya gari unafanya mikono na macho visikubaliane.

BoksiLaKijani

Samahani kuingilia, mimi nina Xbox Series X. Rafiki yangu anaacha G29 yake, niichukue?

MguuWaBreki

Usichukue, dada. G29 ni ya PlayStation na kompyuta, haitafanya kazi kwenye Xbox. Konsoli hizi hutaka usukani ujitambulishe kuwa umeidhinishwa, na wa upande mmoja haukubaliwi upande wa pili. Kwa Xbox tafuta G920, au G923 lakini toleo la Xbox, kwa sababu zipo mbili zenye jina hilo. Kwa gemu una Forza Motorsport ya 2023, ambayo kwa usukani ni bora kuliko Forza zilizotangulia ila sehemu yake ya kujijenga hatua kwa hatua kama dereva (career) inataka mtandao. Competizione na Dirt Rally 2.0 nazo zipo kwenu.

BoksiLaKijani

Nashukuru, ningeingia mkenge. Na sukani zile za bei nafuu zisizo na mota?

VumbiNyuma

Zina mpira au springi ndani tu, na nyingi hazizunguki sana. Kwa gemu za kujifurahisha zinatosha. Kwa rali hutajua mkia umeondoka mpaka uone miti inapita mbele ya kioo. Bora usubiri upate wenye mota, hata uliotumika.

TairiLaini

F1 hakuna aliyezitetea. Nazicheza kila mwaka na nazipenda, usukani wa gari hilo hauzunguki sana, kwa hiyo punguza mzunguko hadi nyuzi 360 hivi na mikono haiachani kamwe. Lakini ni gemu ya kasi ya kutisha, na kwa aliyeanza wiki hii siipendekezi iwe ya kwanza. Kwa mtoto, mtafutie Wreckfest baadaye. Magari chakavu yanagongana, usukani unafanya kazi, na hakuna anayelia akipigwa kumbo kwa sababu ndiyo gemu yenyewe.

GiaYaTatu (mwanzisha uzi), wiki tatu baadaye

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi wengine pembeni.

Nilichukua Dirt Rally 2.0, diski iliyotumika, toleo lile lenye nchi za ziada. Ya pili ni Assetto Corsa ile ya 2016. GT7 nimeiweka mpaka nitakapotengeneza mtandao, na Competizione nimeamua iwe zawadi yangu nikishaweza kuzungusha Abarth mizunguko kumi bila kutoka nje ya mstari. Kwa sasa nimefika sita.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mabega yaliuma kwa sababu nilikuwa naubana usukani kama mtu anayening'inia mtini. Nilipunguza nguvu kama MguuWaBreki alivyosema, nikafunga kiti, na mambo yakaanza kubadilika. Kisha siku ya kumi na moja, kwa Fulvia, kuna kona ya kulia inayoteremka. Niliingia kwa kasi kupita kiasi na usukani ukawa mwepesi mikononi, ghafla, kama umechomolewa. Sikuwa nimeona chochote bado. Nikaachia mafuta, pua ikashika tena, tukapita pembeni kabisa mwa mtaro. Nilirudia hatua ile mpaka saa yangu ikaisha, si kwa ajili ya muda, kwa ajili ya kuisikia tena.

Mtoto miguu inafika kwenye pedali akikalia mto. Kwenye Abarth anaendesha taratibu kuliko mimi na anatoka nje ya barabara mara chache kuliko mimi. Yeye hakuwahi kuzoea padi, nadhani ndiyo sababu.

Kinachonishinda bado ni kona za kurudi nyuma kabisa, zile za nyuzi karibu 180. Fulvia inakwenda moja kwa moja hata nikikata usukani wote.

VumbiNyuma

Umeshafika kwenye maswali mazuri. Ukikata usukani wote unaziua tairi za mbele, haziwezi kugeuka na kuteleza kwa pamoja. Punguza kukata. Fanya breki mapema ikiwa bado barabara imenyooka, halafu iachie polepole *huku* unaanza kugeuza, ili uzito wa gari ubaki puani. Breki ya mkono iguse kwa muda mfupi sana tu, mkia ukishaanza kuja iachie, kisha mafuta yakuvute kutoka. Jaribu mwendo wa chini kwanza, gia ya pili, hata kama unaona unachelewa. Ukipata moja ikakaa sawa, uje utuambie ilikuwa hatua ipi.